Si betri, mzee: ni hesabu

Najua niliahidi kuendelea na ile mada ya hifadhidata, lakini wiki hii yamenikuta mengine, na nikiyaacha yapite nitajuta. Kwa hiyo hifadhidata isubiri kidogo. Leo tunazungumza kuhusu sigara za umeme, au vepu kama tunavyoziita hapa Kitengela. Hasa zile zenye kidhibiti joto, ambazo unaweka nyuzi unazotaka kwenye skrini na kifaa kinaahidi hakitazipita.

Kabla mtu hajanirushia jiwe: sivuti, na siwaambii mvute. Nikotini ni nikotini, ukishaizoea kuiacha ni kazi. Uganda ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivi katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Hapa Kenya vinauzwa waziwazi, na sheria yetu kuu ya tumbaku ni ya mwaka 2007, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa hatujaviona kabisa. Kama hujaanza, usianze. Lakini wanaovitumia wapo, ni majirani zetu, na wanatembea na betri mfukoni wakiwa hawajui zinafanyaje kazi. Hilo ndilo linanihusu mimi kama mtu wa kompyuta, kwa sababu kitu hicho ni kompyuta ndogo yenye betri kubwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina jirani, mzee wa miaka hamsini hivi, dereva wa lori la mizigo kati ya Nairobi na Arusha. Aliacha sigara za kawaida akanunua kifaa kilichotumika, cha betri moja, cha enzi zile za 2016. Baada ya kubadilisha koili, kikaanza kumsumbua. Moshi hafifu, kifaa kinakata baada ya sekunde moja, skrini inaandika "kinga ya joto". Akampelekea fundi wa simu. Fundi hakukifungua. Alikiangalia tu akasema, "Mzee, hii ni betri."

Akanunua betri hapa Kitengela. Hali ileile, na sasa skrini ikaongeza ujumbe mpya: "betri dhaifu". Akanunua nyingine Nairobi. Vilevile. Ya tatu akanunua Namanga akisubiri karatasi za mzigo pale mpakani, imeandikwa kwa herufi kubwa 9900 mAh. Hiyo ndiyo ikawa mbaya kuliko zote.

Ile betri yake ya kwanza, iliyokuja na kifaa, aliitia mfukoni mwa suruali pamoja na funguo. Alikuwa anapita Bissil aliposikia paja linawaka. Alisimamisha lori, akaichomoa na funguo zake zikiwa moto, akaitupa kwenye changarawe kando ya barabara. Ana alama ya kuungua ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Ana bahati, kwa sababu betri ya aina ile ikiwaka sawasawa haiachi alama ya ukubwa wa sarafu.

Jioni yake akaja kwangu. "Kijana wangu, wewe si ni daktari wa kompyuta? Niangalizie hii kitu kabla sijaitupa nayo."

Nikaiangalia. Betri ile aliyoitupa Bissil ilikuwa nzima. Haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Kifaa hakipimi joto

Wengi hawajui kwamba ndani ya kifaa hiki hakuna kipimajoto, hakuna chochote kinachogusa koili na kusoma nyuzi. Kinachosomwa ni ukinzani wa waya wa koili, kwa omu. Metali nyingi zikipata moto ukinzani wake hupanda, na kila metali hupanda kwa kiasi chake. Kifaa kinakumbuka ukinzani wa koili ikiwa baridi, kinapima tena ikiwa na moto, kisha kinapiga hesabu: umepanda kiasi hiki, basi joto lazima liwe nyuzi kadha. Mbinu hii ililetwa sokoni mwaka 2014 na kampuni ya Marekani iitwayo Evolv, katika bodi yake ya DNA 40, na wengine wakafuata.

Ni mbinu nzuri sana, na mimi naipenda. Lakini angalieni inategemea nini. Inategemea mambo mawili ambayo kifaa hakiyajui, wewe ndiye unakiambia: waya ni wa metali gani, na ukinzani wake ukiwa baridi ni kiasi gani. Ukikidanganya katika moja ya hayo mawili, hesabu yote ni upuuzi, ila skrini itaendelea kukuonyesha nyuzi 230 kwa uso mkavu kabisa.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Ukinzani wa waya wa stenlesi 316L hupanda karibu 0.00092 ya thamani yake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Wa nikeli hupanda karibu 0.006, yaani zaidi ya mara sita. Kwenye menyu za vifaa vingi namba hizi huandikwa 92 na 600 au pungufu ama zaidi kidogo.

Koili ya mzee ilikuwa ya nikeli. Kifaa kilikuwa kimewekwa stenlesi, nyuzi 230. Kutoka nyuzi 20 hadi 230 ni nyuzi 210, kwa hiyo kifaa kinasubiri ukinzani upande kwa 210 mara 0.00092, kama asilimia 19. Nikeli inafika asilimia 19 baada ya kupanda nyuzi 32 tu. Kwa maneno mengine, koili ikiwa na nyuzi 52, joto la chai iliyokaa, kifaa kinaamini kimefika 230 na kinakata umeme. Ndiyo maana moshi ulikuwa hafifu. Ndiyo maana kiliandika "kinga ya joto". Kifaa kilisema ukweli kama kilivyouelewa, na fundi akausoma kama ugonjwa wa betri.

Sasa geuzeni. Waya ni stenlesi, kifaa umekiambia ni nikeli. Kinasubiri ukinzani upande kwa asilimia 126. Kwa hesabu ya moja kwa moja stenlesi ingehitaji kufika karibu nyuzi 1,390, yaani pale chuma chenyewe kinapoyeyuka. Hiyo maana yake huna kinga yoyote. Pamba itaungua zamani, na ile gliserini iliyo kwenye maji ya vepu ikichemshwa kupita kiasi huvunjika ikatoa akrolini na formaldehaidi, vitu ambavyo hutaki mapafuni. Skrini inasema kinga ipo, na kinga haipo. Kama kuna kosa la kukesha ukilitafuta ni hili la pili, si lile la kwanza. Lile la kwanza linakunyima moshi tu.

Na betri pia haipimwi

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu nakasirika. Ujumbe "betri dhaifu" ndani ya kifaa kama hiki, ukiuandika kwa Kiswahili, ni kitu kama hiki:

kama (volti_wakati_wa_kuvuta < 3.0) basi onyesha("BETRI DHAIFU")

Basi. Mstari mmoja. Kifaa hakijui betri ina umri gani, wala ni ya kweli au bandia. Kinajua kwamba wakati kinavuta umeme mwingi, volti zilianguka chini ya mstari. Na volti zinaweza kuanguka kwa sababu chungu nzima: betri imeisha chaji, betri ni feki, spiringi ya kifaa imeshika kutu, kifuniko hakijafungwa vizuri, au umeweka wati nyingi kuliko betri inavyoweza. Sababu tano, ujumbe mmoja. Halafu tunawalaumu watu kwa kununua betri tatu!

Hebu tuone. Umeweka wati 40. Ukihesabu na upotevu wa ndani, kifaa kinavuta kama wati 44 kutoka kwenye betri. Betri nzuri ya 18650 yenye ukinzani wa ndani wa milliomu 20, ikiwa na volti 4.0, itatoa karibu ampea 12 na kubaki na volti 3.8 hivi. Safi. Sasa chukua betri yenye milliomu 80, nayo ina volti 4.0 zilezile ukiipima imekaa. Volti zikianguka, kifaa kinaongeza ampea ili kipate wati zake. Ampea zikiongezeka, volti zinaanguka zaidi. Inaishia kwenye ampea 16 na volti 2.7. "Betri dhaifu". Na betri inapata moto juu yake.

Mnaona mtego ulipo? Betri zote mbili ukizipima na multimita mezani zitasoma 4.0. Fundi anayepima volti zikiwa zimekaa hajapima kitu, ni kama kumpima mchukuzi nguvu akiwa amelala.

Betri ile ya Namanga niliiweka kwenye chaja yangu inayoonyesha ukinzani wa ndani. Ilipita milliomu 80. Nikaitoa chaji yote nikihesabu: kama 1,100 mAh, si 9,900. Nikaipima kwenye mizani ya dukani: gramu 31. Betri halisi ya 18650, ambayo jina lake linatokana na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, huwa na uzito wa kati ya gramu 43 na 50. Na hakuna 18650 yoyote duniani yenye 9,900. Bora kabisa ni kama 3,500 hadi 4,000, na zile zinazofaa kwa kazi ya ampea nyingi kama hii huwa 2,500 hadi 3,000. Ukiona namba kubwa kuliko hizo imeandikwa kwenye ganda, usibishane na muuzaji, rudisha tu mezani. Sisemi ni Namanga pekee, hata hizi za tochi tunazouziwa kwenye matatu ni zilezile.

Kwa hiyo mzee alikuwa na makosa mawili yaliyolaliana. La kwanza lilikuwa la mpangilio, halikuhusu betri hata kidogo. Akalitibu kwa kununua betri bandia, na hapo akajiletea kosa la pili ambalo sasa lilihusu betri kweli. Na ile nzima ndiyo iliyomchoma, kwa sababu ilikuwa nzima: betri halisi ikiguswa na funguo pande zote mbili hutoa ampea nyingi kwa sekunde moja. Ile feki ingechoka mapema.

Utaratibu wangu

Wale wanaoandika programu wanaijua kanuni: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwa vepu yenye kidhibiti joto ninafuata hivi:

1. Tambua waya kwanza. Soma boksi la koili. Boksi likipotea, chukua sumaku ya spika mbovu. Nikeli inavutwa na sumaku. Titani haivutwi. Stenlesi 316 haivutwi au inavutwa kidogo mno. Kanthali inavutwa, lakini hiyo haifai kabisa kwa kidhibiti joto kwa sababu ukinzani wake haupandi. Koili ya nikeli huwa na omu ndogo sana, kama 0.1 au 0.15, na ya kanthali huwa kubwa zaidi, hivyo mtazitofautisha.

2. Linganisha na menyu. Kama waya na menyu havipatani, umemaliza kazi, usiguse betri.

3. Soma omu koili ikiwa baridi. Tumia skrini ya kifaa, si multimita ya bei rahisi. Nyaya za multimita peke yake zina omu 0.2 na zaidi, utapima nyaya badala ya koili. Namba ikicheza-cheza, kaza skrubu, safisha pini ya kati kwa kitambaa na spiriti. Msidharau uchafu: kwenye koili ya stenlesi ya omu 0.2, uchafu wa omu 0.01 tu unaoingia baadaye unatosha kukidanganya kifaa kwa nyuzi 54.

4. Funga namba ya baridi ikiwa baridi kweli. Hapa hali ya hewa yetu inaingia. Kifaa kinadhani "baridi" ni nyuzi kama 20. Asubuhi Kajiado, sawa. Lakini ukiweka koili mpya saa nane mchana Namanga, ndani ya kabati la lori lenye nyuzi 35, ukafunga namba hapohapo, basi skrini ikisema 230 koili ya stenlesi itakuwa karibu 248, na ya nikeli karibu 264. Ukifunga koili ikiwa bado na moto wa kuvuta, ni mbaya zaidi. Subiri robo saa, kivulini.

5. Jaribio la mgawanyo. Hili ndilo muhimu kuliko yote. Weka koili ya stenlesi au kanthali, zima kidhibiti joto, tumia wati za kawaida. Msifanye hivi kwa nikeli wala titani, hizo hazikutengenezwa kwa wati bila kinga. Anza wati 15, kisha 25, kisha 40, mradi koili imeandikwa kwamba inavumilia. Ikifanya kazi 15 na kufa 40, tatizo liko upande wa betri au viunganishi. Ikifanya kazi zote vizuri lakini inakata ukirudisha kidhibiti joto, tatizo liko upande wa mpangilio. Dakika tatu, na umejua uende upande gani.

6. Ndipo uje kwenye betri. Mizani, ganda, volti. Ikijaa isome 4.2. Ikikaa chini ya 2.5 kwa muda mrefu, iage. Ganda la plastiki likichanika hata kidogo usiitumie, kwa sababu mwili wote wa betri ni upande hasi na kichwa chanya kiko milimita chache tu kutoka hapo. Na isikae mfukoni bila kikopo. Kikopo cha plastiki ni shilingi chache, paja ni moja. Haya, mawili.

Mzee tulimaliza naye hatua ya pili. Nilibadilisha neno moja kwenye menyu, na kwa kuwa betri zake zote nne zilikuwa hazifai au hazipo, nikamwazima moja yangu. Kikafanya kazi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa hii kitu ilishindwa nini kuniambia?"

Swali la mzee

Nimelala na swali hilo siku kadhaa, kwa sababu ni swali la kwangu. Mimi pia naandika programu zinazowaambia watu "hitilafu imetokea, jaribu tena". Wewe pia, kama unasoma hapa na unaandika programu.

Kifaa kile kilikuwa na kila kitu cha kumsaidia. Kilijua koili ni omu 0.15, namba ndogo isiyo ya kawaida kwa koili nyingi za stenlesi. Kilijua kwamba ukinzani ulipanda asilimia 19 kwa muda mfupi mno. Kilijua volti kabla ya kuvuta na volti wakati wa kuvuta. Kingeweza kuandika "4.0 hadi 2.7" badala ya "betri dhaifu", na hata fundi wa simu angeshtuka. Namba hizo zote zilikuwamo ndani. Mtu fulani aliamua kwamba mtumiaji hazihitaji, kwamba maneno mawili yanamtosha.

Maoni yangu ni haya: kifaa kinachokisia kina wajibu wa kuonyesha kinakisia kwa kutumia nini. Si hisani kwa mafundi. Ni usalama. Ukimficha mtu hesabu, humpunguzii mzigo, unamwachia akisie mwenyewe, naye atakisia kitu anachoweza kununua. Betri inanunulika. Mpangilio haununuliki. Kwa hiyo atanunua betri mpaka siku atakapoungua.

Kuna wanaosema dawa ni vile vya kutupa, vilivyojaa sasa kila kibanda: havina menyu, havina wasiwasi. Mimi naona ni kinyume chake. Ndani ya vingi mna betri ya lithiamu ambayo kwa asili ingechajiwa mamia ya mara, na inatupwa baada ya siku chache pamoja na maganda ya viazi. Hapa Kitengela takataka huchomwa mara nyingi, na betri ya lithiamu kwenye moto si jambo la mchezo. Kifaa kisichotengenezeka hakikuondolei tatizo, kinalihamishia kwa mtoto anayepita jalalani. Kama una betri zilizokufa, ziwekee utepe wa gundi pande zote mbili, zikusanye kwenye kopo, na ukienda Nairobi zipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme, kama WEEE Centre.

Na kwa mafundi wetu wa barabara ya Namanga, ambao nawaheshimu kwa sababu wamenitengenezea simu zaidi ya mara moja: kabla hujatamka neno "betri", muulize mteja swali moja. "Ulibadilisha nini mara ya mwisho?" Mzee angejibu "koili", na paja lake lingekuwa salama.

Wiki ijayo hifadhidata, safari hii kweli. Kama betri yangu niliyomwazima mzee itarudi.